Dawa mseto ya malaria bado inaponya, ila imeanza kuchelewa: usugu unavyofanya kazi na dawa zinazofuata

Mtoto amemaliza dozi ya dawa mseto, homa ikaisha, akarudi kucheza. Wiki tatu baadaye anachemka tena, na kipimo cha haraka kinaonyesha mistari miwili. Nyumbani na hata kwenye duka la dawa jibu huwa moja: malaria hii ni sugu, dawa haifanyi kazi tena.

Huenda ni kweli. Lakini huenda pia dozi haikuingia mwilini kama ilivyopaswa. Huenda mtoto ameumwa na mbu mwingine na hii ni malaria mpya kabisa. Huenda kipimo kinasoma mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa, na homa ya leo inatoka kwenye kifua au mkojo. Mambo haya manne yanafanana kwa nje, na kila moja lina tiba yake. Tena hata usugu wenyewe si kitu kimoja: kuna usugu wa atemisinini, moja ya dawa mbili zinazounda mseto, na kuna usugu wa dawa iliyofungwa nayo kwenye kidonge kilekile. Habari za usugu zinazosambaa Afrika Mashariki huchanganya hayo yote kwenye chungu kimoja. Tuyatenganishe, tukianza na kimelea mwenyewe, kwa sababu siri yote imo kwenye namna kinavyokula.

Saa 48 ndani ya chembe nyekundu

Malaria kali katika ukanda wetu husababishwa hasa na Plasmodium falciparum. Mbu jike wa Anofelesi akishauma, vimelea hukimbilia kwenye ini, hukaa huko kama wiki moja bila dalili yoyote, halafu humiminika kwenye damu. Kila kimoja huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu na kuanza mzunguko wa takriban saa 48.

Kwa saa kama 20 za mwanzo kinaonekana chini ya hadubini kama pete ndogo. Katika hatua hii kinakula kidogo tu. Baadaye kinanenepa na kuanza kulafua himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Mwishoni kinagawanyika na kuwa vimelea vichanga 16 hadi 32, chembe inapasuka, mgonjwa anatetemeka kwa homa, na kila kichanga kinatafuta chembe yake mpya.

Himoglobini ikimeng'enywa huacha hemu, kipande chenye madini ya chuma. Hemu ni sumu kwa kimelea, hivyo kinaigeuza kuwa fuwele ngumu zisizo na madhara kwake. Zile punje za rangi ya kahawia ambazo mtaalamu wa maabara huziona ndani ya vimelea vilivyokomaa ndizo hizo fuwele.

Atemisinini hupitia mlango huohuo. Molekuli yake ina daraja la atomi mbili za oksijeni. Daraja hilo likikutana na chuma cha hemu huvunjika, na vipande vinavyobaki hunasa ovyo kwenye protini za kimelea, nyingi kwa wakati mmoja, mpaka kinakufa. Kwa maneno mengine, kimelea ndicho kinachoiwasha sumu kwa mlo wake. Kisipokula, dawa inalala.

Hilo liwekwe akilini, kwa sababu ndipo usugu ulipopenya.

Kufyeka na kung'oa visiki

Atemisinini ilipatikana China. Mpango wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, uliojulikana kama Mradi 523, ulianza tarehe 23 Mei 1967. Tu Youyou na timu yake walipitia vitabu vya kale vya tiba, na katika maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4 wakakuta maelekezo ya kuloweka mmea wa qinghao kwenye maji na kukamua, bila kuchemsha. Tu akahisi kwamba moto ndio uliokuwa unaharibu dawa. Akabadili njia, akatumia etha inayochemka kwa joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vimelea vyote kwa panya waliojaribiwa. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Dawa hii ina nguvu ya ajabu na udhaifu mmoja mkubwa: haikai. Umbo lake linalofanya kazi mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja hivi. Anayeitumia peke yake kwa siku tatu atajisikia mzima, kisha vimelea vichache vilivyobaki vitachipua upya. Kwa hiyo inafungwa na mwenzake anayekaa muda mrefu. Kwenye ALu, ambayo Watanzania wengi huiita mseto tu, kila kidonge cha kawaida kina miligramu 20 za atemetha, ambayo ni ya jamii ya atemisinini, na miligramu 120 za lumefantrini. Lumefantrini hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3 hadi 6. Piperakwini, inayofungwa na ndugu mwingine wa atemisinini, hukaa kwa wiki kadhaa. Atemisinini hufyeka shamba, mwenzake hung'oa visiki.

Hesabu inasaidia kuona uzito wa kila mmoja. Mtu mzima mwenye malaria nzito anaweza kuwa na vimelea trilioni moja mwilini. Atemisinini ikikutana na vimelea visivyo sugu, hupunguza idadi yao mara 10,000 hivi katika kila mzunguko wa saa 48. Siku tatu za dawa hugusa mizunguko miwili. Trilioni moja inashuka hadi milioni 100, kisha hadi 10,000. Mwenzake anabaki na kazi ya kuua vimelea 10,000.

Sasa chukua vimelea vilivyopata usugu wa sehemu, ambavyo makadirio yanaonyesha hupungua mara 100 tu kwa kila mzunguko. Trilioni moja inakuwa bilioni 10, kisha milioni 100. Mgonjwa amemeza vidonge vilevile, siku zilezile, lakini lumefantrini imeachiwa vimelea milioni 100 badala ya 10,000. Ikiwa lumefantrini bado ina nguvu, itavimaliza na mgonjwa atapona. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hutumia neno usugu wa sehemu. Hatari ni kwamba kati ya vimelea milioni 100, uwezekano wa kupata kimoja chenye kinga dhidi ya lumefantrini ni mkubwa kuliko kati ya 10,000. Mlinzi mmoja akisinzia, wa pili hukesha peke yake, na hajachoka bado.

Kuna jambo jingine linalofichwa na idadi hizi. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Hadubini nzuri katika mikono mizuri inaweza kuona vimelea 20 kwa kila mikrolita. Zidisha: hiyo ni vimelea milioni 100 mwilini. Slaidi isiyoonyesha kitu siku ya tatu haimaanishi kwamba vimelea vimekwisha, na mgonjwa anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imetulia ameacha visiki vyote shambani.

Kimelea kinachojinyima chakula

Usugu wa atemisinini ulionekana kwanza magharibi mwa Kambodia, eneo la Pailin, na kuripotiwa mwaka 2008 na 2009. Hapo ndipo usugu wa klorokwini ulipojitokeza miaka ya 1950, kabla ya kuenea na kufika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2014 watafiti walitambua jeni husika: kelch13, iliyoko kwenye kromosomu ya 13 ya kimelea.

Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Bernhard Nocht mjini Hamburg walieleza inavyofanya kazi. Protini ya kelch13 hukaa kwenye mdomo ambao kimelea hutumia kumeza himoglobini. Badiliko la jeni linapoipunguza protini hiyo, kimelea katika hatua ya pete humeza kidogo zaidi. Himoglobini ikipungua, hemu inapungua. Hemu ikipungua, atemisinini haiwashwi ipasavyo. Kimelea hukaa na njaa kwa saa chache wakati dawa inapita, kisha huendelea na maisha. Dawa yenyewe hudumu saa chache tu, kwa hiyo kufunga huko kwa muda mfupi kunatosha kukiokoa.

Kujinyima kuna gharama. Kwenye himoglobini kimelea hupata pia asidi amino za kujijengea mwili, na vimelea vyenye mabadiliko makali mara nyingi hukua polepole vikishindana na vingine. Ndiyo maana mabadiliko mengi huzuka na kufa yenyewe. Yanayotutia hofu ni yale machache yaliyopata uwiano: yanalinda vya kutosha bila kudhoofisha sana.

Majina yake husomwa hivi. R561H maana yake katika nafasi ya 561 ya protini, asidi amino yenye alama R imebadilishwa na yenye alama H. Hilo ndilo lililogunduliwa Rwanda katika sampuli za mwaka 2014 na 2015. Katika kituo cha Masaka lilikuwa kwenye asilimia 7.4 ya vimelea vilivyopimwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 na yakaonyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: ukoo huo wa vimelea haukuletwa kutoka Asia. Ulizaliwa hapahapa. Kaskazini mwa Uganda yalijitokeza mengine, A675V na C469Y, yaliyoripotiwa mwaka 2021 na ambayo baadaye yalizidi asilimia 20 katika wilaya kadhaa. Eritrea wana R622I. Tanzania, R561H imekita mizizi mkoani Kagera, hasa Karagwe, jirani na mpaka wa Rwanda, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kwamba wagonjwa wa huko husafishika damu polepole. Hata hivyo, katika utafiti huohuo wagonjwa waliopona mwishowe walikuwa zaidi ya asilimia 90.

Mwaka 2024 ulileta pia habari kutoka Jinja, Uganda. Kati ya watoto 100 waliolazwa na malaria kali na kutibiwa kwa sindano ya atesuneti, nayo ya jamii ya atemisinini, 11 walikuwa na vimelea vinavyopungua polepole kuliko kiwango kinachokubalika. Kwa malaria ya kawaida, kuchelewa kwa siku moja kunaweza kuvumilika. Kwa mtoto aliyepoteza fahamu, kasi ndiyo tiba yenyewe. Kwa maoni yetu, suala hili la malaria kali ndilo linalostahili macho mengi zaidi kuliko yanavyolitazama sasa.

Inavyopimwa, na pale kipimo kinapopotosha

Njia ya kwanza ni kwa mgonjwa mwenyewe. Utafiti wa ufanisi wa dawa huchukua wagonjwa wenye malaria isiyo kali, huwapa kila dozi mbele ya muuguzi, kisha huwafuata kwa siku 28 ikiwa ni ALu na siku 42 ikiwa ni dawa ya piperakwini. Matone mazito ya damu hupakwa kwenye slaidi na kutiwa rangi ya Giemsa. Kwa ubora wa utafiti hutumika mchanganyiko wa asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60, ambao hutoa picha safi kuliko ule wa haraka wa asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya kuchanganyia yawe na pH 7.2; yakiwa na tindikali, viini vya vimelea hufifia na slaidi yenye vimelea vichache inapita kama safi. Vimelea huhesabiwa sambamba na chembe nyeupe 200, na kwa kuchukulia kuwa mikrolita moja ina chembe nyeupe 8,000, idadi hiyo huzidishwa mara 40.

Zaidi ya asilimia 10 ya wagonjwa wakiwa bado na vimelea siku ya tatu, na mabadiliko ya kelch13 yakapatikana, eneo hushukiwa kuwa na usugu wa sehemu. Lakini uamuzi wa kubadili dawa ya taifa hutegemea kitu kingine: wagonjwa walioshindwa kupona hadi mwisho wa ufuatiliaji wakizidi asilimia 10. Vipimo hivi viwili huchanganywa kila mara kwenye vyombo vya habari. Cha kwanza kinaeleza kasi ya kufyeka, cha pili kinaeleza kama visiki viling'oka.

Ugumu uko kwenye mbu. Mgonjwa wa wilaya yenye maambukizi mengi anaweza kuumwa na mbu mwenye vimelea siku ya 15 na kurudi kliniki siku ya 24. Je, ni vimelea vya zamani au vipya? Maabara hulinganisha damu ya siku ya kwanza na ya siku aliporudi kwa kipimo cha PCR, ikiangalia jeni kama msp1 na msp2 ambazo urefu wake hutofautiana kati ya koo za vimelea. Urefu ukifanana, vimelea ni vilevile na dawa imeshindwa. Ukitofautiana, ni maambukizi mapya na dawa haina kosa.

Kwa karatasi inaonekana rahisi. Kwa kweli, mtu mmoja anaweza kubeba koo nne au tano za vimelea kwa pamoja. Ukoo sugu unaweza kuwa mchache sana siku ya kwanza kiasi kwamba PCR inaukosa, kisha dawa ikaua wenzake wote na ukabaki wenyewe. Siku ya 24 unaonekana kama mgeni, na dawa inahesabiwa kuwa imefaulu. Kosa kinyume chake lipo pia: mbu mpya analeta ukoo wenye urefu uleule kwa bahati, na dawa inalaumiwa bure. Kwa hiyo unaposoma kwamba dawa ina ufanisi wa asilimia fulani baada ya marekebisho ya PCR, uliza jeni ngapi zililinganishwa na kwa kanuni gani. Tarakimu moja inaweza kusogea pointi kadhaa kwa sababu ya kanuni tu.

Njia ya pili hufanyika maabara, mbali na kinga ya mgonjwa na tumbo lake. Tangu mwaka 1976 vimelea vya falciparum vinaweza kuoteshwa kwenye chembe nyekundu za binadamu kwa nyuzijoto 37, katika hewa yenye oksijeni kidogo, takriban asilimia 5. Watafiti hupata vimelea vya umri mmoja, pete za saa 0 hadi 3, kisha huvimwagia atemisinini iliyo hai, nanomola 700, kwa saa 6 tu, wakaiosha. Baada ya saa 72 huhesabu vilivyo hai. Vikiwa asilimia 1 au zaidi ya vile ambavyo havikupewa dawa, ni sugu. Umri wa pete ndio roho ya kipimo hiki. Zikichanganyika na vimelea vilivyokomaa, ambavyo hula sana na hufa haraka, usugu unafichika kabisa. Kipimo cha zamani kilichoacha vimelea kwenye dawa kwa siku mbili au tatu mfululizo hakikuuona kwa sababu hiyohiyo.

Njia ya tatu ni kusoma jeni kutoka kwenye tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Ni rahisi kusafirisha na hutoa tahadhari mapema, ila inaona tu kile ambacho tayari kinajulikana kutafutwa.

Dozi isiyofika si usugu

Sehemu kubwa ya malalamiko ya "dawa haifanyi kazi" huanzia hapa. ALu hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1 kwa kila dozi; kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2; kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3; kilo 35 na kuendelea, vidonge 4. Dozi ni sita. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Aliyeanza saa tisa alasiri anapaswa kuamka saa tano usiku kumeza ya pili. Wauzaji wengi husema tu "asubuhi na jioni", na dozi ya usiku inasogea hadi kesho yake. Hapo vimelea vimepewa mapumziko katika siku ambayo dawa ilipaswa kuwa juu.

La pili ni mafuta. Lumefantrini haiyeyuki kwenye maji. Bila mafuta tumboni hupita na kutoka. Utafiti ulionyesha kwamba gramu 1.2 tu za mafuta, zilizotolewa kwa maziwa ya soya yasiyofika nusu kikombe, zilitosha kuleta karibu asilimia 90 ya ufyonzaji wa juu kabisa. Maziwa ya ng'ombe, mtindi, uji wa karanga, chapati au chai ya maziwa vinatosha. Uji mweupe na chai ya rangi havitoshi. Mgonjwa hana hamu ya kula siku ya kwanza, na hapo ndipo dozi nyingi hupotea bila mtu kujua: amemeza, lakini damu yake haikupata. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi nzima, na arudi kituoni kuchukua vidonge vya kufidia badala ya kufupisha siku.

Kuhusu pakanga, ambayo wakulima wa nyanda za juu hupanda na wengine huinywa kama chai: ni mmea uleule wa Ge Hong, na atemisinini imo kweli. Lakini lita moja ya chai iliyotengenezwa kwa gramu 9 za majani makavu ilipopimwa ilikuwa na miligramu 94.5 za atemisinini, sawa na asilimia 19 hivi ya dozi ya siku ya mtu mzima. Tena haina mwenzake wa kung'oa visiki. Shirika la Afya Duniani limekuwa likiwataka watengenezaji waache kuuza vidonge vya atemisinini pekee tangu mwaka 2006 kwa sababu hiyo. Anayekunywa chai hiyo akiwa na vimelea anavifundisha kufunga.

Na kile kipimo cha haraka cha mtoto wetu? Kinatafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Homa ikirudi ndani ya mwezi mmoja tangu matibabu, mistari miwili haithibitishi kitu. Hapo panahitajika slaidi na hadubini. Slaidi ikiwa na vimelea kabla ya siku 28 kwisha, mgonjwa hubadilishiwa mseto wa aina nyingine. Zikiwa zimepita siku 28, huhesabiwa kuwa malaria mpya na anaanza dawa ya kwanza tena.

Nini kinakuja

Kuna njia inayotumia dawa zilizopo: kuongeza mwenzake wa tatu. Majaribio yameunganisha ALu na amodiakwini. Uzuri wake si wingi wa dawa tu. Mabadiliko ya jeni yanayokisaidia kimelea kuepa lumefantrini huelekea kukifanya dhaifu mbele ya amodiakwini, na kinyume chake. Kimelea kinavutwa pande mbili. Udhaifu ni kwamba vidonge huwa vingi na kutapika kunaweza kuongezeka. Njia nyingine ni kugawa aina mbili au tatu za mseto nchini kwa wakati mmoja, ili vimelea visikutane na adui mmoja kila siku. Kwa mamlaka ya dawa hiyo ni kazi kubwa ya ghala na mafunzo, kwa sababu kila aina ina ratiba yake.

Lakini dawa mpya kabisa, ya familia ambayo vimelea havijawahi kuiona, ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa. Ganaplasidi imefika mbali kuliko nyingine. Haihitaji hemu. Inavuruga njia ambazo kimelea hutumia kusafirisha protini zake ndani na nje, kwa hiyo kufunga hakukisaidii. Inaua pia vimelea vya hatua ile inayorudi kwa mbu, jambo lenye maana kubwa kwa sababu maambukizi sugu ya atemisinini huelekea kuacha vingi vya aina hiyo kwenye damu. Kampuni ya dawa ya Novartis na shirika la Medicines for Malaria Venture waliifunga na lumefantrini iliyotengenezwa upya ili iyeyuke vizuri, ikawa chengachenga za pakiti, mara moja kwa siku kwa siku tatu. Jaribio la awamu ya tatu lilihusisha wagonjwa zaidi ya 1,600 katika nchi 12 za Afrika, na matokeo yaliyotangazwa Novemba 2025 yalionyesha kupona kwa asilimia 97.4, dhidi ya asilimia 94.0 kwa ALu. Ratiba ya mara moja kwa siku pekee ingeondoa lile tatizo la dozi ya saa tano usiku.

Mipaka yake iwekwe wazi pia. Jaribio lilianzia uzito wa kilo 10, kwa hiyo watoto wadogo zaidi hawamo. Kwa wachanga wa kilo 2 hadi chini ya 5, kilichopo ni ALu ya kipimo chao iliyoidhinishwa Uswisi Julai 2025. Kwa malaria kali, sipagamini inayodungwa kwenye mshipa bado iko majaribioni. Inashambulia pampu ya chumvi ya kimelea, kisha kimelea kinavimba na kuondolewa haraka kwenye damu. Na ganaplasidi yenyewe imeshapata wapinzani maabara: vimelea vilivyooteshwa mbele yake kwa muda mrefu vilibadili jeni iitwayo pfcarl na nyingine mbili, vikaanza kuivumilia.

Tena mwenzake bado ni lumefantrini ileile. Vimelea vya Uganda ambavyo vimebeba mabadiliko ya kelch13 vinapimwa maabara mwaka hadi mwaka kuona kama unyeti wake kwa lumefantrini unapungua, na dalili za kupungua zimeonekana. Dawa mpya itafika katika wilaya hizo ikikuta mlinzi wake wa pili amekesha kwa miaka mingi.